Aliyesema Hakuna

Katika ofisi moja ndogo iliyo juu ya duka la viatu, kwenye mji wa soko huko Lincolnshire, Uingereza, kuna rafu tatu za ripoti alizoandika Avril Thurlow, na karibu zote zinamalizika kwa maneno yaleyale: hakuna chochote cha maana kilichoonekana. Bomba la gesi nyuma ya kanisa, hakuna. Msingi wa gereji ya daktari wa mifugo, hakuna. Mtaro wa umeme kwenye uwanja wa bwanyenye fulani, hakuna, isipokuwa mifupa ya mbwa aliyezikwa na mkanda wake shingoni. Miaka thelathini na mmoja ya hakuna, imepangwa vizuri kwenye majalada ya kijani ambayo hayafunguliwi na mtu.

Kazi yenyewe ni ya kusimama. Kule, mwenye jumba la kale haruhusiwi kuchimba hata mtaro wa choo mpaka awepo mtaalamu wa mabaki ya kale kama Avril ukingoni, kofia ngumu kichwani, mwiko wa chuma kwenye mfuko wa nyuma, macho yakiufuata udongo. Akiinua mkono, tingatinga linasimama. Akiushusha, linaendelea. Wala haoni ila kile ambacho bomba linamruhusu kuona: mchoro ukisema sentimita sitini, ni sitini, hata kama farao mwenyewe amelala kwenye ya sitini na moja.

Matope hayakumsumbua. Mvua aliizoea, na upepo wa mwezi wa pili, ule unaopenya hadi kwenye meno, aliuzoea pia. Kilichokuwa kikimla ni kitu kimoja tu, nacho kilikuwa na jina. Kiliitwa Imogen Cass.

Tuseme ukweli, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa radhi afe kuliko kuusema: Avril alimwonea Imogen wivu, tena wivu mbichi, ule wa kumfanya mtu mzima wa miaka hamsini na saba azime redio kwa kisigino kwa sababu ya sauti ya mwenzake. Na ubaya wa wivu ule ni kwamba Imogen hakuwa mtu mbaya. Angekuwa na majivuno, au angekuwa mchoyo, Avril angepata pa kushika. Lakini Imogen alikuwa mkarimu, alikumbuka siku za kuzaliwa za watu, na alipokukumbatia alikukumbatia kweli. Hilo Avril hakuweza kumsamehe.

Imogen alikuja kwake kujifunza kazi akiwa na miaka ishirini na mbili, na buti mpya zilizokuwa bado zinalia. Avril ndiye aliyemfundisha kushika mwiko, kukwangua udongo kuelekea kwako na si kwenda mbele, kuunyunyizia maji kidogo ili rangi zijitokeze. "Udongo ukishachimbwa haurudi ulivyokuwa," alimwambia siku ya kwanza kabisa. "Ukishaguswa, umeguswa. Utaujua tu, hata upite muda gani." Imogen aliandika maneno hayo kwenye daftari.

Halafu likaja jumba la Skelbourne. Miaka kumi na mmoja iliyopita wenye jumba walitaka kupitisha waya wa taa chini ya nyasi za upande wa mashariki, na jina lililoandikwa ubaoni kwa kazi hiyo lilikuwa la Avril. Jumapili jioni mama yake akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Avril akakaa hospitali siku nne, Imogen akaenda Skelbourne badala yake. Siku nne tu! Jumatano Imogen akainua mkono, tingatinga likasimama, na chini ya nyasi kulikuwa na mstari wa udongo mweusi, umenyooka, una kona ya mraba, na ndani yake chokaa, vipande vya vioo na vipande viwili vya vigae vya kale vyenye picha ya simba. Alimpigia Avril palepale. Avril alikuwa kwenye korido ya hospitali na kikombe cha chai ya mashine mkononi, akaisikia furaha ya yule binti ikimwagika kwenye simu. Imogen aliuliza maswali mawili matatu ya haraka haraka. Avril akajibu hakuna, hapana, sijui, mama anaamka, kwaheri.

Likawa ndilo kanisa. Kanisa dogo la watawa, lililotajwa kwenye hati za zamani na kutafutwa na kila mwenye koleo wilayani. Mawe ya msingi, alieleza Imogen, yalinyofolewa karne nyingi zilizopita yakajengewa kwingine, ukabaki mtaro uliojaa kifusi. Televisheni ikaja. Kikaja kitabu, ikaja shahada ya udaktari, ikaja kazi ya chuo kikuu. Wenye jumba wakapanga mawe meupe juu ya nyasi kuonyesha kuta zilipopita, na maharusi wakaanza kuja kutoka mbali kusimama pale penye madhabahu, au pale Imogen alipokisia kuwa palikuwa na madhabahu, wapigwe picha.

Nakala ya kitabu Imogen aliileta mwenyewe hadi nyumbani kwa Avril, imefungwa kwa karatasi yenye maua. Avril alishukuru, akasifu jalada, na tangu siku hiyo kitabu kikapewa kazi moja, kuzuia dirisha la jikoni lisijifunge. Miaka tisa hakukifungua. Mwenye wivu ajinyonge, yasema maandishi ya kanga; Avril hakujinyonga, alikiacha kitabu kinyeshewe.

Sasa, mwezi wa tatu mwaka huu, maharusi wa Skelbourne walizidi, na jumba likahitaji vyoo vipya vya wageni. Bomba la maji machafu lilitakiwa lishuke mita moja na nusu, na njia yake ilikatiza katikati ya mawe meupe. Mawe yakaondolewa kwa muda, yakapangwa pembeni na namba za chaki. Jina ubaoni lilikuwa la Avril.

Tingatinga aliliendesha Des Rudge, mwanamume mnene mwenye masharubu, aliyefanya kazi naye miaka kumi na mitano na kumjua kuliko alivyopenda kujuliwa. Des alikuwa na mkono mwepesi. Kwa kijiko kipana kisicho na meno angeweza kukwangua udongo unene wa vidole viwili bila kutikisa kinachofuata.

"Bosi, leo tunamchimbia nani?" aliuliza akipasha injini.

"Maharusi. Wanataka vyoo."

"Hiyo ni kazi takatifu kabisa. Mwenzio kapata kanisa, wewe umepata choo."

"Chimba, Des."

"Nachimba, nachimba. Ila nakuonya, mke wangu kanifungia mkate wa zabibu, na mtu aliyenuna hapewi."

Avril alinuna hadi saa nne, akapewa hata hivyo. Saa tano wakafika kwenye mstari. Ulijitokeza kwenye ukuta wa shimo, mweusi ndani ya udongo wa njano, vilevile kama kwenye picha ambazo kila mtu wilayani ameziona. Avril akainua mkono. Walipokwisha kuegemeza mbao za kuzuia kuta, akashuka kwa ngazi na mwiko wake.

Alianza kukwangua kwa roho nzito, akiwaza kwamba amekuja kulitazama kanisa la mtu mwingine kwa ndani. Baada ya dakika kumi mkono ukaanza kupunguza mwendo. Udongo uliolala miaka mia tano hushikamana, ukawa kitu kimoja. Huu ulikuwa bado mabonge, njano na nyeusi zimechanganyika, kama ulivyotupwa na koleo. Imogen hakuweza kuliona hilo. Waya wa taa ulikwenda sentimita arobaini tu, kwa hiyo yeye aliona mdomo wa shimo, hakuona tumbo lake.

Avril akaendelea kushuka. Chini kabisa sakafu ya mtaro ilikuwa bapa, na pembe zake zilikuwa zimenyooshwa kwa uangalifu wa kuchekesha. Hakuna mwashi anayejisumbua hivyo kwenye msingi utakaofunikwa. Wanaochimba vile ni watu wa mwiko, wanaoogopa kugombezwa na mwalimu wao. Na pembeni, kwenye kona, kulikuwa na kiduara cha kijani.

Akakipiga picha kilipolala. Kisha akakiokota, akakitemea mate, akakisugua kwa kidole gumba. Sarafu ya peni mbili. Kichwa cha malkia, mwaka 1988 kando yake, na shingoni mwa malkia herufi A iliyokwaruzwa kwa ncha ya chuma.

Aliijua herufi ile kabla kumbukumbu haijafika. Julai ya mwaka ule alikuwa na miaka kumi na tisa. Bwana Lovegrove, mwalimu wa historia, aliwaleta wajitolea tisa Skelbourne, wakachimba wiki mbili kati ya mabanda ya vioo na miti ya mapeasi, wakitafuta kanisa la watawa. Hawakupata kitu. Siku ya mwisho, kabla ya kufukia, Lovegrove alisimamisha kazi, kwa maana wachimbaji wana desturi yao: huacha sarafu mpya chini ya shimo, ili atakayekuja baadaye ajue ametanguliwa. Mdogo kuliko wote ndiye huiweka. Avril aliikwaruza herufi yake kwa ncha ya mwiko, akailaza kwenye kona, wakarudishia udongo pamoja na vioo vilivyovunjika vya mabanda na vigae vya kale vilivyokuwa vimezagaa bustanini. Majira ya baridi yaliyofuata Lovegrove akafa kwa ugonjwa wa moyo, na maelezo ya kazi hayakuandikwa kamwe. Kwa watu wa kazi ile, kuchimba bila kuandika ni dhambi kubwa kuliko kutokuchimba. Baadaye mabanda yakavunjwa, mapeasi yakakatwa, ardhi ikasawazishwa na kuoteshwa nyasi, na miaka yote Avril aliamini mtaro wao ulikuwa ng'ambo ya ukuta, panapoegeshwa magari sasa.

Alisimama mle shimoni akaelewa. Hapakuwa na kanisa. Udaktari, televisheni, madhabahu, maharusi na maua yao, vyote vilikuwa vimekaa juu ya shimo la watu tisa wenye kaptula.

Furaha ikampanda kutoka miguuni. Haikuwa furaha nzuri, na yeye aliijua hivyo, akaifurahia zaidi.

"Umeona nini huko, bosi?" Des aliita kutoka juu. "Jino la mtawa?"

"Peni mbili."

"Haya, mtie mfukoni malkia tuondoke. Umekuwa tajiri."

Utaratibu unasema kwanza piga simu ofisini. Avril aliirudisha sarafu mahali pake, akapanda ngazi, akampigia Imogen. Alitaka kuuona uso wake kabla ya mtu mwingine yeyote. "Njoo Skelbourne," alimwambia. "Kuna kitu unapaswa kukiona." Na sauti ya Imogen ikaruka kwa furaha, vilevile kama siku ile ya korido.

Alifika baada ya dakika arobaini, koti zuri la sufu, vikombe vitatu vya kahawa kwenye trei ya karatasi. Alikumbuka kwamba Des anatia sukari mbili.

"Avril, kipenzi changu! Mbona hukuja Krismasi? Nilikuwekea kiti."

"Kazi."

"Kazi, kazi. Haya niambie, ni sakafu? Tafadhali niambie ni sakafu."

"Shuka uone mwenyewe. Chukua mwiko wangu."

Imogen akashuka na koti lake. Avril akasimama ukingoni, mikono nyuma, akingoja. Alimwona akikwangua udongo kuelekea kwake, kama alivyofundishwa. Alimwona akisimama, akiponda bonge moja kwa vidole, akiponda la pili. Hata kabla ya sarafu alikuwa ameshajua. Aliiokota, akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga.

"Elfu moja mia tisa themanini na nane," alisoma. "Hii A ni ya nani?"

"Yangu."

"Yako?"

"Tulichimba na Lovegrove. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulitafuta kanisa, tukakosa." Maneno yaliyofuata Avril alikuwa ameyafanyia mazoezi dakika zote arobaini. "Pole sana, Imogen. Lakini udongo ukishaguswa, umeguswa. Nilikufundisha siku ya kwanza."

Imogen akakaa chini, kwenye matope, na koti lake la sufu. Uso ule ambao Avril aliungoja ulikuwa umekuja, mweupe, mdomo wazi kidogo, na Avril akautazama kama mtu mwenye njaa anavyotazama sahani. Halafu Imogen akainua kichwa.

"Avril. Nilikuuliza."

"Uliniuliza nini?"

"Siku ile, ulipokuwa hospitali na mama. Swali langu la kwanza kabisa. Nilikuuliza, kuna mtu yeyote aliyewahi kuchimba upande wa mashariki? Ukaniambia hakuna."

Des akatazama ndani ya kikombe chake.

"Sikumbuki," Avril alisema. Alikuwa anakumbuka. Korido, chai ya mashine, furaha ikimwagika kwenye simu, na kidole chake kikitafuta kitufe cha kukata. Hakuwa amedanganya siku ile. Hakuwa amefikiri, basi. Angefikiri kwa muda wa kupuliza chai, angesema, ngoja, tulichimba mahali fulani pale na Lovegrove, sina hakika ni wapi. Lakini alitaka sauti ile inyamaze.

"Niliandika kabisa," Imogen alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Limo kitabuni, ukurasa wa kumi na tisa. Ulipokisoma hukushtuka?"

"Nilikisoma," Avril akasema. Huo sasa ulikuwa uongo.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Huyu alikuwa amesimama juu ukingoni, mkavu, na bado alikuwa ameingia.

Jioni hiyo alikichomoa kitabu dirishani, na dirisha likajifunga kwa kishindo. Jalada lilikuwa limevimba kwa maji ya mvua. Kurasa zilikuwa zimegandana. Ukurasa wa kumi na tisa aliutenganisha kwa kisu cha siagi. Iliandikwa hivi: Avril Thurlow, anayeijua ardhi ya wilaya hii kuliko mtu yeyote aliye hai, na aliyenifundisha kila ninachokijua, amenithibitishia kwamba hakuna aliyewahi kuchimba mahali hapa.

Aliisoma mara tatu, bado amevaa buti. Maisha yake yote alikuwa ametamani kitu kimoja, jina lake kwenye kitabu ambacho watu wanakisoma. Lilikuwemo. Lilikuwemo miaka tisa yote, likishikilia dirisha. Na lilikuwa limekaa juu ya kosa kubwa kuliko yote yaliyowahi kufanywa wilayani na watu wa kazi yake.

Siku mbili zilizofuata hakula vizuri. Ripoti ilikuwa inamngoja, nayo lazima ieleze sarafu. Angeweza kuandika kwamba herufi A haijulikani ni ya nani. Wale wajitolea walitawanyika zamani, na Lovegrove yuko kaburini. Lakini Imogen alijua, na Imogen akisema neno moja tu, kila mtu atafungua ukurasa wa kumi na tisa, na wakubwa wa ofisi watauliza kama mama wa miaka hamsini na saba asiyekumbuka mashimo yake mwenyewe anafaa bado kusimama ukingoni mwa mashimo ya watu. Kwa hiyo alisimama, akatazama bomba likilazwa, akaingoja simu.

Haikuja. Ijumaa asubuhi lilikuja gazeti la mkoa, likiwa limekunjwa kwapani mwa Des. Walikaa kwenye kibanda cha wafanyakazi, mvua ikipiga bati, Des akavaa miwani.

"Ukurasa wa mbele, bosi. 'Msomi jasiri avunja kanisa lake mwenyewe.'"

"Soma."

"Kuna picha yake, na lile koti la matope. Kashika sarafu yako juu, hivi." Des akainua biskuti kuonyesha. "Anasema, 'Nilipaswa kuwauliza watu wanaolijua eneo. Sikuuliza. Kosa ni langu peke yangu.'" Akamtazama Avril juu ya miwani. "Mimi nilikuwepo pale, bosi. Nilisikia kwa masikio yangu. Alikuuliza."

"Endelea."

"Kakubeba, ndiyo nasema. Kakubeba mgongoni mzima mzima."

"Des, soma."

"Chuo kinasema ni mfano wa uaminifu kwa vijana. Televisheni wanarudi. Meneja wa hapa anasema hakuna harusi hata moja iliyofutwa, mabibi harusi wawili wameomba wapigwe picha na sarafu." Akageuza ukurasa. "Na kuhusu ile herufi... 'Inaelekea iliwekwa na mmoja wa wajitolea wa wakati huo, ambaye jina lake halijulikani.'"

Avril alipaswa kushusha pumzi. Na kweli alishusha, kwa muda wa funda moja la chai. Alikuwa amepona. Hakuna atakayemuuliza, hakuna atakayefungua ukurasa wowote. Kisha akaitazama ile picha kwa upande, Imogen na sarafu, nyuso za watu nyuma yake zikimwangalia kwa mapenzi, na wivu ukarudi, mkubwa kuliko siku zote, akaweka kikombe chini kwa nguvu hadi chai ikamwagika juu ya gazeti.

"Halijulikani!"

"Bosi..."

"Miaka thelathini na mmoja sijapata kitu! Hakuna, hakuna, hakuna! Siku moja napata kosa, Des, kosa zima, la kwangu, lina sarafu na lina herufi ya jina langu, na hilo nalo kanichukulia!"

Des alibaki na biskuti hewani. "Ngoja nielewe. Unamwonea mtu wivu kwa kosa lako mwenyewe?"

"Ndiyo!" Ilikuwa mara ya kwanza kulikiri neno hilo mbele ya mtu, na lilitoka kwa sauti ya kusikika hadi kwenye nyasi. "Ndiyo, namwonea wivu! Namwonea wivu tangu alipokuja na zile buti zinazolia!"

Mvua iliendelea kupiga bati. Des akavua miwani, akaifuta kwa shati, akajaribu sana asicheke, akashindwa.

"Basi nenda kalidai," alisema. "Ni lako."

Avril akasogeza gazeti lililolowa, akafungua kompyuta yake juu ya meza yenye makombo, akaandika ripoti ya Skelbourne tangu mwanzo hadi mwisho bila kuinuka. Kina cha mtaro, rangi ya udongo, umbo la kona. Alipofika mwisho vidole vyake, kwa mazoea tu, vikaandika hakuna chochote cha maana kilichoonekana. Akaitazama sentensi hiyo. Akaifuta, herufi moja moja, na mahali pake akaandika: Mtaro huu ulichimbwa Julai 1988. Sarafu niliiweka mimi. Kanisa lilipodhaniwa kupatikana, Dokta Cass aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kuchimba hapa, kama inavyompasa mchimbaji mwangalifu. Aliyesema hakuna ni mimi, Avril Thurlow.

Akaituma ofisini. Akaituma kwa wenye jumba na kwa Imogen. Alifikiri kidogo, akaituma na kwa gazeti.

"Watakustaafisha kwa hilo," Des alisema, akiwa anasoma begani kwake.

"Huenda."

"Na hao wa gazeti watakuja na kamera."

"Waje," alisema Avril, akainua mkono akaiweka sawa kofia yake ngumu.

Mvua ilipopungua walitoka kufukia. Des akawasha tingatinga, akainua kijiko cha kwanza cha udongo juu ya shimo, na Avril akainua mkono. Injini ikanyamaza. Akashuka ngazi taratibu, kwa ajili ya magoti, akatoa mfukoni sarafu ya mwaka huu, akaikwaruza kwa ncha ya mwiko. Safari hii hakuishia kwenye A. Akaongeza T kando yake, akaukandamiza mwiko hadi herufi zikazama vizuri, akailaza chini kando ya bomba, kwenye kona ileile.

Akapanda, akasimama ukingoni, akashusha mkono, na Des akaanza kufukia.